Naomba ushauri: dawa za kifafa katika ujauzito
Assalamu alaikum, ndugu zangu. Mke wangu, aliye na kifafa tangu utotoni, sasa ana mimba changa na bado anatumia valproeti, dawa ambayo takriban watoto 10 kati ya 100 wa mama wanaoitumia wakiwa wajawazito huzaliwa na kasoro, zikiwemo za uti wa mgongo. Mama mkwe, hapa Kisauni, anashikilia kwamba aache vidonge leo hii na anywe kombe, yaani maji yaliyooshea maandishi ya aya za Kurani. Kombe sina neno nalo, lakini kuacha dawa ghafla kunaweza kumfanya aanguke mfululizo, jambo ambalo ni hatari kwa wote wawili. Je, kuna aliyebadilishiwa dawa akiwa tayari mjamzito, akapewa lamotrijini au levetirasetamu, na aliendeleaje? Kliniki wamempa asidi ya foliki tu. Tukimwona daktari wa mishipa ya fahamu, tumuulize nini kwanza?