Vihisi vya kuzika kwenye zege: vya waya, vya nyuzi za mwanga au vya kutu?

Kokoto_Kasarani: Wadau, mwezi ujao tunamwaga zege la besimenti huku Upper Hill. Mteja anataka vihisi vizikwe ndani ili nyufa zikianza tujue mapema. Nimeletewa bei mbili: vya waya unaotetema, na vya nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga. Hii ya pili imenitoa jasho. Nichukue vipi?

Injinia_Mstaafu: Vya waya. Ndani mna waya wa chuma uliokazwa kama uzi wa gita. Zege likivutika, mlio unapanda. Kinachosomwa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, kwa hiyo kebo ndefu haiharibu kipimo. Ila kisome na joto pia. Zege hutanuka kama sehemu 10 kwa milioni kwa kila digrii moja, na likivutwa sehemu 100 hivi kwa milioni hupasuka. Kwenye slabu ya paa, jua la Februari pekee linatosha kukutisha bure.

Fundi_wa_Kayole: Tuliwahi kuvifunga vidude hivyo kwenye nondo za nguzo. Siku ya kumwaga, kijana wa vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege lishikane, akaichomeka papo hapo penye kebo. Kufika jioni, vitatu kati ya sita vimekufa. Pitisheni kebo chini ya nondo, na mtu asimame hapo kutwa nzima, asitoke hata kufuata chapati madondo.

Uzi_Mmoja: Mzee, nyuzi za mwanga hazipati kutu wala umeme wa jirani hauzisumbui, na uzi mmoja unabeba vipimo vingi. Minneapolis, Marekani, daraja lilipoanguka 2007, jipya la 2008 lilizikiwa vihisi zaidi ya 300, vya nyuzi vikiwemo.

Injinia_Mstaafu: Vikiwemo na vya waya. Na wana mtu wa kuvisoma! Hapa kwetu mashine ya kusomea hufungiwa kabatini na ufunguo ukapotea.

Bomba_Ruaraka: Kokoto, ukuta unavuja? Kama unavuja, wasiwasi wako uwe kutu. Zege zima lina pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 12 hadi 13, nayo ndiyo inayolinda nondo. Hewa ya ukaa ikiishusha chini ya 9, au chumvi ikipenya, chuma huanza kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe na kupasua zege kutoka ndani. Kihisi cha waya kitakwambia ufa ukishafika. Cha kupima volti ya nondo kinatangulia.

Kokoto_Kasarani: Ukuta wa nyuma una chemchemi, pampu haizimwi. Basi vya waya kwenye nguzo, vya kutu huko nyuma. Nyuzi za mwanga zingoje mteja mwingine.

Fundi_wa_Kayole: Na huyo mlinzi wa kebo, mletee chapati hapo hapo.