Saa mpya ya GPS ya michezo mingi: zipi ni kasoro za kifaa, na zipi zinatokana na mazingira yetu?

Mkimbiaji wa Njiro, Arusha

Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wale wanaotumia saa za GPS katika mazoezi ya kukimbia, kuendesha baiskeli na kuogelea. Kaka yangu anayeishi Ulaya ameniletea saa ya michezo mingi iliyotoka hivi karibuni. Sitaitaja jina, kwa kuwa ninachotaka tujadili ni kasoro zenyewe. Muuzaji anakubali kuipokea ikirudishwa ndani ya siku 30 tangu tarehe ya risiti, na sehemu kubwa ya muda huo imekwisha kupita wakati mzigo ukiwa njiani. Ndiyo maana nahitaji kujua mapema ni kasoro zipi zitaondoka kwa sasisho la programu, na zipi zitabaki hata nikisubiri mwaka mzima.

Kasoro ya kwanza ni umbali. Barabara ya wazi ya kuelekea Kisongo inapimwa vizuri kabisa, lakini nikipanda njia za Ilboru hadi kwenye miti na migomba iliyo chini ya Mlima Meru, mstari unaochorwa kwenye ramani huruka kutoka upande mmoja wa korongo hadi mwingine, na kasi inayoonyeshwa hupanda na kushuka bila sababu. Ya pili ni mwinuko: naondoka nyumbani asubuhi kwa baiskeli, narudi alasiri, na saa inasema kwamba nyumba yangu imepanda karibu mita 30. Ya tatu ni mapigo ya moyo, ambayo hukwama kwenye 170 au 180 ninapokimbia mteremko taratibu, wakati ninaweza kuzungumza bila kuhema.

Ya nne ndiyo inayoniuma zaidi. Katika mfumo wa michezo mitatu mfululizo, nilipomaliza kuogelea kwenye bwawa la hoteli na kubonyeza kitufe cha kuhamia kwenye baiskeli, saa iliganda, ikajizima na kujiwasha upya, na kumbukumbu yote ya kuogelea ikapotea. Jambo hilo limejirudia. Betri nayo haifikishi hata nusu ya muda ulioandikwa kwenye boksi.

Ninajiandaa kwa Kilimanjaro Marathon, na baadaye nataka kuupanda mlima wenyewe. Je, niirudishe au niivumilie?

Mpima Ardhi, Moshi

Ndugu wa Njiro, umelipanga swali lako vizuri. Nitajibu sehemu mbili ninazozifahamu kwa kazi yangu, yaani umbali na mwinuko.

Setilaiti za GPS ziko takriban kilomita 20,200 juu ya dunia, na saa hutambua mahali ulipo kwa kupima muda ambao mawimbi yametumia kusafiri. Katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde wimbi husafiri sentimita 30, kwa hiyo wimbi lililogonga ukuta wa korongo kabla ya kufika mkononi mwako huchelewa kidogo mno, lakini kuchelewa huko kunatosha kukusogeza mita kadhaa. Majani mabichi yaliyolowa nayo hudhoofisha mawimbi. Hali hiyo tunayo huku pia, katika vihamba vya Kibosho na Uru, ambako migomba na mikahawa imefunikwa na miti mirefu na njia inapita katikati ya kingo mbili. Hakuna saa ya mkononi itakayochora mstari ulionyooka mahali kama hapo.

Hata hivyo, angalia mipangilio kabla ya kulaumu mazingira peke yake. Saa nyingi mpya za daraja hilo hupokea masafa mawili, yaani megahezi 1575.42 na megahezi 1176.45, na mawimbi ya masafa hayo ya pili yameundwa kwa namna inayoisaidia saa kutenganisha wimbi lililokuja moja kwa moja na lile lililogonga kitu. Uwezo huo hula betri sana, kwa hiyo mara nyingi saa hutoka kiwandani ikiwa katika hali ya kubana matumizi. Kwenye boksi utasoma sifa ya usahihi iliyopatikana katika hali moja na muda wa betri uliopatikana katika hali nyingine, bila kuelezwa kwamba huwezi kuvipata vyote kwa pamoja. Binafsi naona huo ni upungufu wa uaminifu, na hakuna sasisho litakalouondoa.

Pia iunganishe saa na simu kabla ya kutoka, ili ipakue faili la makadirio ya njia za setilaiti. Isipokuwa na faili hilo, italazimika kusubiri taarifa za setilaiti zenyewe: kila moja hurudia taarifa za njia yake kila baada ya sekunde 30, na orodha kamili ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa. Anayeanza kukimbia mara tu anapobonyeza kitufe huwa na mstari mbovu tangu kilomita ya kwanza.

Sasa nije kwenye nyumba yako iliyopanda. Saa hupima mwinuko kwa barometa, yaani kwa kanieneo ya hewa, na kanieneo katika nchi za tropiki ina mzunguko wake wa kila siku: hufika juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hushuka chini kabisa karibu saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Tofauti kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni huweza kufika hektopaskali tatu hivi. Katika mwinuko wa Arusha, ambao ni kama mita 1,400, hektopaskali moja ni sawa na takriban mita 10. Kanieneo ikishuka, saa huelewa kwamba umepanda. Kwa hiyo mita 30 zako zina maelezo kamili, na barometa yako ni nzima. Kihisi hakina kosa hapo. Kosa ni la programu, ambayo ingepaswa kulinganisha barometa na GPS kila mara na kujirekebisha. Katika nchi za mbali na ikweta mzunguko huo ni mdogo na hufunikwa na mabadiliko ya kawaida ya hali ya hewa, na nadhani ndiyo sababu waliojaribu programu hiyo hawakuuona.

Kuna jambo jingine litakalokukuta mlimani. Hesabu ya barometa huchukulia kwamba hewa ya usawa wa bahari ina nyuzi 15 na hupoa kwa nyuzi 6.5 katika kila kilomita ya kupanda. Hewa yetu ni ya joto kuliko hiyo, na hewa ya joto hutanuka, hivyo saa husoma kupanda kudogo kuliko kupanda halisi, kwa takriban asilimia nne kwa kila nyuzi 10 za tofauti. Saa iliyorekebishwa getini tu inaweza kukufikisha Uhuru, penye mita 5,895 zinazojulikana, huku ikisoma zaidi ya mita 100 pungufu. Irekebishe upya katika kila kambi yenye mwinuko unaofahamika.

Kocha wa Sakina, Arusha

Namshukuru ndugu Mpima Ardhi. Mimi nitazungumzia mapigo ya moyo, na nitatofautiana naye kidogo kuhusu uvumilivu.

Saa ya mkononi humulika ngozi kwa mwanga wa kijani na kusoma jinsi damu inavyoufyonza kila moyo unapodunda. Mkono unapotikisika kwa mdundo wa hatua, damu na saa yenyewe hutikisika pia, na programu inaweza kuuchukua mdundo wa miguu ikidhani ni wa moyo. Zitazame namba zako, 170 na 180. Hiyo ndiyo idadi ya kawaida ya hatua za mkimbiaji kwa dakika. Hesabu hatua zako kwa nusu dakika, zidisha kwa mbili, kisha linganisha na saa. Zikilingana, saa inahesabu miguu. Ivae juu ya mfupa wa kifundo, ikaze kidogo, na kwa mazoezi ya kasi tumia mkanda wa kifuani, ambao husoma umeme wa moyo wenyewe. Vijana wangu wanaofanya mazoezi ya vipindi siwaruhusu kabisa kufuata mapigo ya mkononi, kwa sababu kocha akipanga mazoezi kwa namba za uongo humchosha mwanariadha kabla ya mashindano.

Kuhusu umbali, usije ukaishtaki saa siku ya marathon. Njia iliyothibitishwa hupimwa kwa kufuata mstari mfupi kuliko yote anaoweza kupita mkimbiaji, kisha huongezwa sehemu moja ya elfu ili isije ikapungua, yaani kama mita 42 kwa marathon nzima. Wewe hutakata kila kona kwa mstari huo, kwa hiyo saa itavuka kilomita 42.195 kabla hujaona utepe. Ukitaka kuipima, nenda kwenye uwanja wenye mzunguko wa mita 400 na ubaki njia ya kwanza. Kila njia ina upana wa mita 1.22, na kila unapohama njia moja kwenda nje unaongeza karibu mita 7.7 kwa mzunguko, jambo ambalo wengi hulisahau.

Bwawani GPS haina kazi, kwa sababu mawimbi yake hayapiti majini. Saa huhesabu mageuzo yako na kuyazidisha kwa urefu wa bwawa uliouandika, na mabwawa ya hoteli mengi hayana mita 25 kamili. Lipime kwa utepe.

Lakini hilo la kuganda na kupoteza kumbukumbu, mimi nisingelivumilia hata kwa wiki moja. Mapungufu mengine yote mtu anaweza kuyazoea. Saa ya michezo mingi isiyoweza kuvuka kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine haijamaliza kutengenezwa, na mnunuzi hapaswi kuwa mjaribuji wa kampuni kwa fedha zake mwenyewe.

Mwongozaji wa Mlimani, Marangu

Naongeza mambo machache ya juu mlimani. Baridi hupunguza uwezo wa betri za lithiamu, na usiku wa kuelekea kileleni joto hushuka chini ya sifuri kwa kiasi kikubwa. Betri ambayo Arusha haikufikishi nusu ya muda ulioahidiwa, huku juu itakufikisha pungufu zaidi. Ivae chini ya mikono ya koti, karibu na ngozi, na uzime skrini isiwake muda wote. Skrini ya kugusa nayo haitii glavu, na ikilowa hujibonyeza yenyewe, kwa hiyo hakikisha kazi zote muhimu zinafanyika kwa vitufe. Pakua ramani ukiwa bado mjini.

Ombi langu kubwa kwako na kwa kila msomaji linahusu oksijeni. Saa hizi hutangazwa kwamba hupima oksijeni ya damu mkononi, na kila msimu nakutana na wageni wanaoniambia wako salama kwa sababu saa imesema hivyo. Mkono uliopoa hauna damu ya kutosha karibu na ngozi, na kipimo huwa hakitabiriki. Tena, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba hata vipimo vya hospitali vinavyotumia mwanga vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Ikiwa vya hospitali vina udhaifu huo, cha mkononi tukiangalie kwa tahadhari zaidi. Sisi hutumia kipimo cha kidoleni asubuhi na jioni, na hata hicho hatukitumii peke yake: tunauliza kuhusu kichwa kuuma, kutapika na usingizi, na tunamtazama mtu anavyotembea. Anayeyumba anateremshwa, saa iseme itakavyosema.

Mkimbiaji wa Njiro, Arusha

Kocha, Mpima Ardhi na ndugu yangu wa Marangu, asanteni sana. Nimeyafanya mliyonielekeza. Hatua zangu na yale mapigo ya mteremkoni zimelingana, na mkanda wa kifuani nilioazima umeonyesha moyo uliotulia kabisa. Nilipowasha masafa mawili, mstari wa Ilboru ulitulia kwa kiasi cha kuridhisha, isipokuwa ndani ya korongo lenyewe, na betri ikaisha mapema zaidi. Mwinuko wa nyumbani umepanda na kushuka kwa saa zilezile alizozitaja Mpima Ardhi.

Sasisho jipya la programu limetoka wiki hii na nimeliweka. Saa imeganda tena palepale, wakati wa kutoka kwenye kuogelea kwenda kwenye baiskeli. Kwa hiyo nimeamua kuirudisha. Kaka atanitafutia toleo lililotangulia, ambalo limekaa sokoni muda wa kutosha kurekebishwa.

Mpima Ardhi, Moshi

Uamuzi mzuri. Kabla ya kuifunga kwenye boksi, hamishia kwenye kompyuta mafaili yote ya mazoezi pamoja na taarifa za hitilafu ambazo saa huzihifadhi, na upige video fupi ikiganda huku namba ya toleo la programu ikionekana. Ukishairudisha katika hali ya kiwandani vitafutika vyote, na muuzaji anaweza kudai kwamba hakuona tatizo lolote. Mwambie kaka aambatanishe nakala ya risiti, na aipeleke dukani mwenyewe badala ya kuituma kwa posta.