Naombeni ushauri: manyoya ya bawa la furukombe yanavutika kama mpira

Sato wa Jioni:
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza katuni fupi ya 3D kwenye Blender (programu ya kompyuta ya katuni): furukombe anashuka ziwani, anakwapua sato, anapaa naye. Umbo na rangi tayari, kinachonitesa ni bawa. Nimeweka mifupa mitatu ya kulisogeza umbo (bega hadi kiwiko, kiwiko hadi kifundo, kifundo hadi ncha), kisha nikaiachia programu igawe uzito yenyewe, yaani kila mfupa uvute sehemu gani ya umbo. Bawa likiwa wazi linapendeza. Likikunjwa, manyoya yanavutika kama mpira wa manati. Wiki ya tatu sasa nimekwama hapo. Nijaribu simulesheni ya nguo?

Kigasha:
Mkuu, simulesheni ya nguo achana nayo. Nguo inalegea kila mahali, unyoya una uti mgumu: unapinda, lakini hauvutiki. Kila unyoya mkubwa upe mifupa yake, mitatu midogo kutoka shinani hadi nchani. Tai ana manyoya makubwa 10 yanayoshika kwenye mifupa ya mkono (kifundo hadi ncha), na mengine yamepangana kwenye kigasha (kiwiko hadi kifundo). Yale madogo yanayofunika mashina yaache yafuate ngozi ya bawa, huko hakuna atakayeona kosa.

Usiyazungushe moja moja, utazeeka. Weka kontrola mbili (vishikio vya kuongozea mifupa mingine), moja kifundoni na moja nchani. Shina la kila unyoya liwe na konstrenti mbili (kanuni za kufanya mfupa ufuate mwingine) za kunakili mzunguko wa ndani, yaani wa mfupa wenyewe: ya kwanza inafuata kifundo kwa 1 (kikamilifu), ya pili inafuata ncha, ukianza na 0 (haufuati kabisa) kwa unyoya wa ndani kabisa hadi 1 kwa wa mwisho. Ya katikati gawa sawasawa. Hakikisha roli za mifupa yote (jinsi kila mfupa ulivyogeuka kwenye mhimili wake) zimeelekea upande mmoja, la sivyo unyoya mmoja utageuka kinyume na wenzake.

Mama Nuru:
Mwanangu, kabla hujagusa kompyuta tena, siku mkichinja kuku omba bawa moja kabla halijanyonyolewa. Shika bega, vuta kigasha taratibu. Kiwiko kikinyooka, kifundo nacho kinajinyoosha chenyewe, na manyoya yanafunguka kama kipepeo cha ukili. Mimi nililitazama bawa la hivyo nusu saa nzima, na ndipo nilipoelewa kwamba kiwiko na kifundo vinahitaji kontrola moja. Halafu tazama mpangilio: kwa juu, unyoya wa ndani unamlalia wa nje, kama makuti ya paa. Kila mmoja uinamishe kidogo hivyo hivyo, hayatapenyana.

Fremu 24:
Naongezea upande wa mwendo. Bega linatangulia, kiwiko kinafuata fremu moja (picha moja ya katuni) baadaye, kisha kifundo, na ncha za manyoya mwisho kabisa. Bawa likishuka, hewa inasukuma ncha ziinuke na manyoya yanabanana. Likipanda, kifundo kinakunjwa, bawa linakuwa fupi na manyoya yanaachiana kidogo. Kosa ninaloliona kila mara ni watu kupandisha bawa likiwa limenyooka vile vile, ndege anaonekana wa mbao.

Sato wa Jioni:
Mama Nuru, shikamoo, na asante sana. Bawa la jogoo nililipata Jumapili. Nimerudia rigi yote (mifupa na kontrola zake) na mvutiko umekwisha kabisa! Limebaki moja: likifunguka hadi mwisho, panatokea pengo kati ya manyoya ya mkono na ya kigasha.

Kigasha:
Bila shaka ya kigasha yanafuata mfupa wa kigasha peke yake. Yaongezee kontrola begani, kisha yagawe kati ya hiyo na ile ya kifundo, kwa mtindo ule ule. Unyoya wa mwisho wa kigasha na wa kwanza wa mkono yote mawili yafuate kifundo kwa 1. Pengo likibaki, sogeza mashina yao yakaribiane kidogo.

Mama Nuru:
Marahaba mwanangu. Akishamkwapua huyo sato, tuwekee kipande tuone.