Wanaume wazima mna mishahara, mnashindwa kuosha sahani mliyolia? Hii tabia ya "nimeloweka" imenichosha

Wakuu salaam.

Nimetoka jikoni sasa hivi na hasira bado mbichi, mnisamehe kama lugha itakuwa kali. Nimeshasema kwa mdomo. Nimeshaandika kwenye grupu la nyumba. Nimebandika karatasi juu ya sinki, ikarukiwa na maji ya mchuzi mpaka maandishi yakafutika, na hakuna aliyejali. Imebaki kuja kusema hapa, na najua wawili kati yao wanapita humu kila siku. Wasome.

Tuko wanne, tumepanga nyumba nzima huku Ilazo. Wote tuna kazi zinazoeleweka, wengine walikuja Dodoma na ule uhamisho wa serikali. Kodi hatusumbuani, luku tunachanga, mlinzi analipwa kwa wakati. Kitu kimoja tu kinafanya tusiangaliane usoni asubuhi, nacho ni vyombo.

Niwaambie nilichokikuta leo. Sinki limejaa mpaka bomba haligeuki. Chini kabisa kuna sufuria lililosongewa ugali wa dona Jumapili, na leo ni Alhamisi. Limejazwa maji, maji yamekuwa ya kijivu, juu kuna utando, na vipovu vinapanda vyenyewe kwa sababu unga umeshachacha. Juu ya sufuria kuna kikaangio chenye mafuta ya alizeti na magamba ya samaki. Juu ya kikaangio, sahani zimepandana, na pembeni bakuli la mlenda. Mliokulia huku mnaujua mlenda. Ukiwa mbichi unatoka kwa maji kidogo tu, ila ukishakauka unang'ang'ania bakuli kama gundi ya seremala. Nikainua sahani moja, nikakuta funza. Wazima, wanatembea kwenye mifupa ya kuku.

Nikaenda sebuleni kumuuliza mwenye sufuria. Anaangalia mpira. Akanijibu bila hata kugeuza shingo: "Kaka, si nimeloweka?"

Jamani, kuloweka kuna mwisho wake. Sufuria la ugali unalimwagia maji pale pale unapopakua, unalifunika, unakwenda kula. Ukirudi ukoko umeshalainika, unausukuma kwa mwiko unatoka wote. Robo saa inatosha. Siku nne ni kuacha uchafu ndani ya maji na kusubiri mwenzako achoke kuuangalia. Na hilo ndilo linalonikera kupita yote: wanajua kuna mtu mmoja ndani ya nyumba ambaye uvumilivu wake utaisha kabla ya wao, wanamvizia huyo.

Ila uvundo nauvumilia. Nisichokivumilia ni walivyomfanyia mama anayekuja kutufulia Jumamosi. Tulipatana naye nguo, na bei ni ya nguo. Wiki iliyopita natoka chumbani namkuta ameinama kwenye karo la nje, jua la saa sita linachoma, anakwangua masufuria yetu kwa kijiko. Nikamwambia, "Mama shikamoo, hii siyo kazi yako, acha tafadhali." Akaniambia, "Marahaba mwanangu. Nimeona aibu kuviacha."

Aibu kaiona yeye! Mama wa makamo, anatembea kwa miguu kutoka Chang'ombe, ndiye anayeona aibu kwa uchafu wa vijana wenye vitambulisho vya kazi shingoni. Na kati ya waliokula kwenye yale masufuria hakuna aliyemwongezea hata nauli. Mmoja akasema, tena mbele yake, "Si yupo yupo tu anasubiri nguo zikauke." Nilitetemeka. Huyo mtu ana mama yake mzazi, na ninaamini mama yake hakumlea hivyo.

Sasa tuje kwenye kisingizio ambacho nakisikia Dodoma nzima, siyo kwetu tu: maji. "Leo siyo siku yetu ya maji, vyombo tutaosha kesho." Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana watu wanakidhani ni hoja.

Mgao upo, sikatai. Jiji hili kwa miaka mingi limetegemea visima vya Mzakwe kwenye bonde la Makutupora. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza Desemba na ikifika mwishoni mwa Aprili ndiyo basi, mpaka mwaka mwingine. Na watu wameongezeka mno. Sensa ya 2012 ilikuta hapa mjini watu 410,000 na kidogo, ya 2022 ikakuta zaidi ya 760,000. Kwa hiyo kila nyumba ina simtanki au majaba, na maji yakikata muda mrefu tunanunua madumu kwa watu wa toroli. Yote hayo nayajua, nayalipia.

Lakini mgao ndiyo sababu ya kuosha leo! Sahani iliyotoka kuliwa sasa hivi inaoshwa na maji ya bakuli moja na inasuuzwa na bakuli lingine. Vyombo vyetu wanne vya mlo mmoja, vikioshwa mara tu tunapoinuka mezani kabla havijakauka, nusu dumu la lita 20 inabaki. Nimelipima hilo mwenyewe, kwa dumu, mbele yao. Yale ya leo yamekula dumu zima kwenye kuloweka upya, kukwangua na kumwaga maji ya kwanza ambayo hata choo nimeona kinyaa kukimwagia, na hapo bado kusuuza. Ongeza kwamba maji ya visima vya mitaani mengi yana chumvi, sabuni haitoi povu upesi, unamwaga sabuni juu ya sabuni. Mtu anayeniambia anabana maji kwa kulaza vyombo ananiibia maji yangu, na dumu anayenunua ni mimi.

Na huyo huyo anayelia maji hayapo, Jumapili asubuhi anaosha gari kwa ndoo tatu. Nimemwona.

Pili wanasema uchovu. Wanatoka kazini Mtumba, kwenye mji wa serikali, kilomita 17 hivi mpaka mjini, daladala zimejaa, wanafika nyumbani giza limeingia. Mimi natoka huko huko, napanda daladala hizo hizo. Uchovu haukuzuii kupika ndizi nyama saa tatu usiku, unakuzuia kuosha sahani moja na kijiko kimoja?

La tatu ndilo jibu wanaloliona la kiume kabisa: "Oa." Nikisema vyombo, naambiwa oa. Hivi wanawake wa humu, mnawasikia wanavyoongea? Unamtoa binti wa watu kwao, unamlipia mahari, ndoto uliyonayo juu yake ni kwamba atakwangua sufuria lako la siku nne? Wengine wanataka tuchange tulete dada wa kazi. Nimekataa na nitaendelea kukataa. Binti mdogo atolewe kijijini Kondoa au Kongwa aje alale kwenye nyumba ya wanaume wanne, kwa sababu wanaume wanne hawataki kushika dodoki? Hapana.

Afya nitasema kwa kifupi kwa sababu kila mtu anayajua, hawataki tu. Kwa joto hili letu mayai ya nzi yanaanguliwa ndani ya siku moja. Shirika la Afya Duniani linaelekeza chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na kwamba vijidudu vinazaliana kwa kasi kwenye nyuzi 5 mpaka 60. Jikoni kwetu mchana ni katikati kabisa ya hapo. Mende tunao, wale wadogo wa kahawia, wameshahamia kwenye kabati la unga. Na hii nchi imepita kwenye kipindupindu kile kilichoanza Agosti 2015 na kuzunguka mikoa mingi. Kuna watu walizika ndugu zao. Mtu aliyesoma anaelewa uchafu wa jikoni unavyoingia tumboni, halafu anasema anaangalia mpira.

Kuna watakaosema wekeni zamu. Tuliweka. Zamu ndiyo iliyoharibu kila kitu! Mwenye zamu ya Jumanne anarithi rundo la Jumatatu, anasema hili siyo langu, analiacha, wa Jumatano anakuta marundo mawili. Na wengine watatu, kwa kuwa leo siyo zamu yao, wanachafua bila huruma: mtu mmoja vikombe vinne vya chai, kila akisikia kiu anachukua kingine. Zamu inafaa kwa kufagia uwanja na kuosha choo. Kwa vyombo haifai, na sioni mtu wa kunibadilisha mawazo kwenye hilo.

Kinachofaa ni kila aliyekula kunyanyuka na sahani yake, akaiosha, akaiweka kwenye kichanja, ndipo akae. Kila siku, kila mlo, mgeni au mwenyeji. Aliyepikia wote asiguse sufuria, sufuria ni la waliokula bila kupika. Mimi kwa upande wangu nimejifunga na taarifa ya habari ya saa mbili usiku: ikianza, jikoni kwangu pameshakauka. Ikinikuta bado nakula, nasikiliza kwa sauti huku nikimalizia kuosha. Naanza na glasi na vikombe maji yakiwa bado safi, zinafuata sahani na vijiko, vya mafuta na sufuria mwisho. Masalia nayakung'uta kwenye ndoo ya taka kwanza, hayaingii kwenye beseni. Dodoki nalikamua nalianika, siliachi limelala kwenye maji. Asubuhi sikuti kitu, nachemsha chai natoka. Haichoshi, maana vyombo vya mlo mmoja ni vichache, tena laini. Kinachochosha watu ni vyombo vya siku nne, halafu wanadhani kuosha vyombo ndivyo kulivyo, wanaogopa, wanaacha tena.

Tena hali ya hewa ya hapa inatusaidia kuliko miji mingine! Anika sahani nje mchana Dodoma uone, unageuka tu imekauka. Bibi zetu vijijini wana vichanja vya miti nje ya nyumba, masufuria yanang'aa kwa majivu, na maji wanayafuata mbali kichwani. Sisi tuna bomba ndani. Miezi ya upepo, Juni mpaka Septemba, vumbi ni jingi kweli, unatupia kitambaa safi juu, basi.

Kwa hiyo natangaza hapa, mbele ya watu, ili asije mtu akasema hakuambiwa. Jumatatu naondoa vyombo vyote vya ziada, navifungia kwenye boksi, boksi linaingia chumbani kwangu. Vingi nilivinunua mimi. Jikoni itabaki sahani moja kwa kila mtu, bakuli moja, kikombe kimoja na kijiko kimoja, vimewekwa alama ya rangi. Masufuria mawili. Asiyeosha chake hatapata cha kulia, na hakuna cha kuazima. Na mama wa Jumamosi nimeshampigia simu, nimemwomba radhi kwa niaba ya nyumba, nikamwambia akikuta chombo kwenye karo akiache hapo hapo. Mtu akimpa chombo akioshe, anaongeza malipo yeye mwenyewe, mkononi, kabla hajaanza.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Mnaosema nihame, kodi nimelipa ya miezi 6 na nyumba hii niliitafuta mimi. Sihami. Mnaosema napiga kelele kwa kitu kidogo, niwaambie kwamba mwaka mzima hatujawahi kugombana kwa pesa, tumegombana kwa sufuria, na mmoja wetu tuliyekuwa tunaelewana sana alishaondoka kwa sababu hii hii. Kwangu siyo kidogo.

Aliyeuliza kama nimeongea na mwenye sufuria: ndiyo, jioni hii. Kasema atabadilika. Sufuria lake nimelitoa sinki, nimeliweka mlangoni kwake na maji yake. Mpaka naandika hapa hajaliosha.

Mwenye kumjua fundi wa kuchomelea, maeneo ya Majengo au Sabasaba, anayetengeneza kichanja cha chuma cha kusimamisha nje, chenye ngazi tatu, aniwekee bei hapa. Nakihitaji kabla ya Jumatatu.