Kuandaa riwaya katika nyumba yenye watu wengi: nianzie wapi?

Mwalimu wa Wete aliandika:

Assalamu alaykum ndugu zangu wapenzi wa fasihi. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete, ni mama wa watoto wanne, na mama mkwe wangu, ambaye sasa ni mtu mzima sana, anaishi nasi. Kwa muda wa miaka miwili nimekuwa nikikusanya habari za riwaya ninayotaka kuiandika. Inahusu msimu wa karafuu wa mwisho kabla ya uhuru wa Zanzibar wa Disemba 1963, na msichana anayekwenda kuchuma na kuchambua pamoja na watu wa kwao, wakati ambapo baba yake na ami yake wamefarikishwa na siasa hata hawakai tena kwenye sinia moja. Nina madaftari matatu yaliyojaa, lakini sina hata sura moja.

Siku yangu huanza kabla ya Alfajiri kwa chai ya watoto, kisha skuli, kisha kurudi kupika na kuwapeleka wadogo chuoni, na haipiti wiki bila ya arusi, khitma au mgonjwa wa kwenda kutazamwa. Sizilalamikii shughuli hizo, kwa sababu ndizo zinazotuweka pamoja. Baada ya Isha, meza pekee tuliyonayo hukaliwa na watoto wenye kazi za skuli. Wiki iliyopita niliketi saa nne za usiku, nikaandika mistari sita, mtoto mdogo akaamka na homa, na nilipoirudia mistari ile siku tatu baadaye sikuweza kabisa kukumbuka yule msichana alikuwa anaelekea wapi.

Naomba kuwauliza wale walioandika wakiwa na nyumba zilizojaa: je, maandalizi yanatakiwa yakamilike ndipo mtu aanze kuandika, na mnayapanga vipi yasipotee kila mnapoitwa? Naomba nisiambiwe nisubiri watoto wakue. Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa dagoni, yaani kambini, na wachumaji mwaka ule, na kumbukumbu zake haziwezi kunisubiri.

Mzee wa Kikwajuni alijibu:

Wa alaykumu ssalam mwanangu. Mimi niliandika riwaya yangu ya mwanzo katika nyumba ya vyumba viwili tuliyokuwa tukikaa watu tisa, kwa hiyo ninayokueleza ni yale yaliyonipata.

Jambo la kwanza nililojifunza, na nililijifunza kwa kuchelewa, ni kwamba kuandaa na kuandika ni kazi mbili ambazo hazitaki wakati wa namna moja. Kuandika kunahitaji saa moja au mbili zisizokatwa. Kuandaa kunaweza kukatwa vipande vidogo vidogo na bado kukabaki mkononi, maana mtu anaweza kuamua, huku akisubiri chungu kichemke, kama yule ami atakuja harusini au hatakuja. Nyumba iliyojaa watu inakunyima saa za kuandika, lakini dakika za kuandaa inakupa nyingi, nawe inaonesha kwamba unaziacha zipite kwa kungojea saa ambayo haiji.

Kosa la madaftari yako, kama ni kama yangu yalivyokuwa, ni kwamba yamepangwa kwa namna ulivyosikia habari, wala si kwa namna utakavyozitumia. Chukua karatasi tupu, moja kwa kila tukio la hadithi. Juu yake andika nani yupo, anataka nini, nini kinamzuia, na mwisho wa tukio nini kimebadilika. Usiandike zaidi ya hayo. Kisha pitia madaftari, na kila habari inayofaa ihamishie kwenye karatasi yake. Utaona kuna kurasa nzima za madaftari ambazo hazina pa kwenda. Ziache zilipo, hata kama zinapendeza. Mimi niliondoa habari zote za mashindano ya ngalawa nilizozikusanya kwa miezi minne, na hadi leo naamini nilifanya sawa, ijapokuwa iliniuma.

Kuhusu mistari sita iliyokupotea, tiba yake ni nyepesi. Kila unapoinuka, hata ukiitwa kwa ghafla, andika pembeni jambo litakalofuata: "Anakwenda kisimani, atamkuta ami yake." Maneno matano tu. Mtoto akishapoa homa, utakuta mlango uko wazi.

Na usiandae bila ya kikomo. Utajua kwamba umeandaa vya kutosha pale utakapoweza kumsimulia mtu hadithi yote, mwanzo hadi mwisho, baina ya Magharibi na Isha, bila ya kufungua daftari. Ukikwama mahali, pale ndipo panapotaka kazi zaidi, na pengine ni pale tu.

Muuguzi wa Mkoani alijibu:

Kwa heshima zote kwa Maalim, nakubaliana na habari ya karatasi, lakini naona kuna jambo ambalo sisi wanawake hatuwezi kulipita. Chungu anachokisema Maalim kinachemka kwa mikono ya mtu, na mtu huyo katika nyumba ya dada yetu ni yeye mwenyewe.

Dada yangu, je, watu wa nyumbani kwako wanajua kwamba unaandika riwaya? Mimi niliificha kazi yangu kwa mwaka mzima. Nilikuwa nikiulizwa, nasema ninaandika ripoti za kazini, na kwa kuwa ripoti ni kitu kinachoweza kusubiri, kila mtu aliniita wakati wowote, na hakuna aliyenikosea. Siku nilipomweleza mume wangu kwamba ninaandika kitabu, na kwamba ninahitaji Jumanne na Jumamosi baina ya Alasiri na Magharibi, alinyamaza kidogo kisha akaniuliza ni nani atakayewapeleka watoto kwa bibi yao. Nilimwambia: wewe. Tangu hapo ndivyo ilivyo. Ninatandika mkeka wangu uwani chini ya mfenesi, upande wa pili wa banda la kuku, na watoto wenyewe wameshazoea kwamba mkeka ule ukitandikwa, anayehitaji kitu amfuate baba.

Sikupata hayo mara moja. Wifi yangu aliona ni mambo ya kujitenga, mpaka nilipomsomea ukurasa mmoja unaohusu mwanamke anayemzika mtoto wake, akalia, na sasa yeye ndiye anayewazuia wageni. Ninalisema hili kwa sababu ninaamini kwamba ruhusa ya kuandika katika nyumba zetu haiombwi kwa jumla, bali huombwa kwa siku na saa zinazojulikana, na kwa kutaja nani atafanya nini.

Vilevile usijipangie saa za kuandika katika mwezi wa Ramadhani wala wakati karafuu zimeiva na nyumba nzima iko shamba. Miezi hiyo iwe ya kusikiliza na kukusanya tu. Na kwa mama mkwe wako, usimkalishe kama shahidi. Mkae pamoja mchambue mchele, simu iwe pembeni inarekodi kwa idhini yake, na umuulize swali moja kwa siku.

Msomaji wa Nyaraka alijibu:

Naongeza upande wa utafiti tu, kwa sababu uhakika wa tarehe utakupunguzia kurudi nyuma baadaye, na mwenye muda mchache hana nafasi ya kuandika sura mara tatu.

Tengeneza kalenda ya msimu wako kabla ya sura ya kwanza, na uweke humo miezi ya Kiislamu pamoja na ya kizungu. Uhuru wa tarehe 10 Disemba 1963 ulikuwa siku ya Jumanne, ndani ya mwezi wa Rajabu. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalikuwa Jumapili, mwishoni mwa Shaabani, siku chache tu kabla ya kufunga. Mtu wa wakati ule aliyekuwa anajiandaa kwa Ramadhani hakuwa anaisoma kalenda ya siasa peke yake, na wahusika wako wataishi zaidi ukiyajua hayo. Uchaguzi wa mwisho wa zama za siasa, yaani miaka ya ushindani wa vyama kabla ya Mapinduzi, ulikuwa Julai 1963, kwa hiyo ugomvi wa baba na ami ulikuwa bado mbichi karafuu zilipoanza kuchumwa.

Angalia pia fedha. Wazee wetu wengi husema "rupia" katika masimulizi yao, lakini rupia ya Zanzibar iliondolewa mwaka 1936 na mahali pake ikaja shilingi ya Afrika Mashariki. Mchumaji wa mwaka 1963 alipwe kwa shilingi, na karafuu zako zipimwe kwa pishi zinapotoka mtini na kwa frasila zinapouzwa. Ukipata nafasi ya kuvuka kuja Unguja, hata siku mbili, fika Nyaraka za Taifa pale Kilimani ukiwa na maswali machache yaliyoandikwa. Ukija na madaftari matatu yasiyo na swali, siku mbili zitakwisha kwenye faharasa.

Mwalimu wa Wete alijibu:

Nawashukuru nyote, na namwombea Maalim afya na umri. Nimezungumza na mume wangu. Amekubali Jumamosi baada ya Alasiri, ya Jumanne tutaitazama, kwa sababu siku hiyo naye ana kazi hadi jioni.

Jana tulichambua mchele na mama, nikamuuliza swali moja tu: usiku wa mvua mlikuwa mkizifanyaje karafuu zilizoanikwa? Nilidhani atanieleza habari ya rangi kuharibika. Akaniambia kwamba mvua ya vuli ikianguka usiku, watu wote walitoka mbio, na jamvi lililojaa karafuu haliwezi kuinuliwa na mtu mmoja, hulikunja wawili, huyu ncha hii na yule ncha ile. Kisha akasema kwamba kaka zake wawili, ambao tangu uchaguzi walikuwa hawasalimiani, usiku mmoja walikutana kwenye jamvi moja gizani, wakalikunja, wakalibeba hadi upenuni, na kila mmoja akaenda zake bila ya neno.

Sikuwa na habari hii katika daftari lolote. Nimeiandika kwenye karatasi yake kama Maalim alivyoelekeza, na mahali pa "nini kimebadilika" nimepaacha patupu, kwa sababu nataka kwanza nimuulize mama kama asubuhi yake walisalimiana.