Makumbusho ya sanaa ya St. Louis, ni bure kweli au kuna janja?

mgeni_wa_Missouri
Habari zenu wadau. Nimehamia St. Louis mwezi wa nne, na sasa mama mkwe anakuja kutoka Moshi kukaa nasi mwezi mzima, nataka nimtembeze lakini mfuko ndo hivyo tena. Kila siku napita Forest Park naona lile jengo kubwa juu ya kilima, lina manguzo ya kama Roma na mbele kuna sanamu ya mtu kapanda farasi kashika upanga. Jirani kaniambia ni makumbusho ya sanaa na kuingia hulipi hata senti. Mi siamini vya bure nchi hii, niliwahi kupeleka familia sehemu kama hiyo mji mwingine tukafika getini tukapigwa bei mpaka watoto wakaambulia kununuliwa aiskrimu tukarudi nyumbani. Je ni bure kweli? Ndani kuna nini? Na lile jengo ni la kale kweli au ni mbwembwe tu?

fundi_wa_zege
Bure mkuu, bure ya kweli, hata mlangoni wamechonga kwenye jiwe kwamba ni mahali pa sanaa na ni bure kwa wote. Ila bure yenyewe unailipia bila kujua hahaha, iko kwenye kodi ya majengo. Wananchi walipiga kura mwaka 1907 wakakubali kukatwa, na kuanzia miaka ya 70 na watu wa kaunti nje ya mji nao wakaingizwa, ndo maana hata zoo pale chini hulipi. Mwanzoni makumbusho yalikuwa chini ya chuo kikuu cha Washington cha hapahapa St. Louis, yalianza 1879 huko mjini kabisa, kilimani yalihamia baadaye.

Jengo sasa, hapo ndo umenigusa maana mi kazi yangu ni ujenzi. Lilijengwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya dunia ya 1904 yaliyofanyika hapohapo Forest Park. Yale majumba mengine uliyoyaona kwenye picha za zamani, yanang'aa kama ikulu, yote yalikuwa plasta na nyuzinyuzi juu ya fremu, maonyesho yalipoisha wakayabomoa. Hili peke yake ndo katika yale makubwa lilijengwa la mawe libaki. Msanifu wake Cass Gilbert, huyuhuyu aliyekuja kuchora jengo la Mahakama Kuu ya Marekani pale Washington. Manguzo umeona sawa, ukiingia ule ukumbi wa kwanza wenye dari la mviringo aliuiga kwenye mabafu ya Warumi ya Caracalla. Yaani mtu kaangalia bafu akajenga ukumbi wa sanamu, na kwa kweli kapatia.

Ila usiishie hapo, pita upande wa mashariki kuna jengo jipya lililofunguliwa 2013, la Mwingereza David Chipperfield. Watu wengi wanapita wanasema mbona kama ghala. Msikilize fundi: zile kuta za nje ni zege jeusi lenye kokoto za mito ya Missouri hukohuko, wamelisugua mpaka kokoto zimetokeza na kung'aa kama sakafu ya terazo. Na ndani angalia juu, dari lote ni zege lenye visanduku visanduku, mwanga wa jua unapita humo unashuka taratibu hauchomi macho wala hauharibu picha. Mi nilikaa kwenye benchi nusu saa naangalia dari, mlinzi akaja kuniuliza kama niko salama.

mama_wa_ijumaa
Hahaha fundi wewe, picha zote zile unaangalia dari!

Mgeni nenda Ijumaa, wanafunga saa tatu usiku na yale maonyesho maalum ambayo siku nyingine yana tiketi Ijumaa ni bure. Jumatatu wanafunga usije ukajichosha. Mi wageni wangu wote kwanza nawapeleka kwa paka. Ni paka wa shaba wa Misri ya kale, mdogo tu, kakaa wima na masharubu ya kujivuna kama ana hati ya nyumba. Walimnunua 1938 kwa dola 14,400, na ule ndo wakati watu hawana kazi, njaa mtaani, basi mji ukawaka, watu wakalalamika hela ya kodi yetu mnanunulia paka?? Lakini leo ndo anapendwa kuliko wengi.

Halafu kuna Max Beckmann, Mjerumani aliyewakimbia Manazi, baadaye akafundisha hapa St. Louis mwishoni mwa miaka ya 40. Tajiri mmoja wa maduka, Morton May, alimpenda sana akanunua picha zake nyingi na kuziachia makumbusho, hakuna mahali duniani penye mkusanyiko wa Beckmann mkubwa kama huu. Ni picha nzito, rangi kali, watu wamebanana kama kwenye daladala, mama mkwe anaweza asizipende. Ila mpeleke kwa Matisse, wanawake watatu na kobe. Ile picha ilikuwa kwenye makumbusho ya Ujerumani, Manazi wakasema ni sanaa iliyooza wakaipiga mnada Uswisi 1939, ndo ikanunuliwa na mtu wa St. Louis. Nikiangalia kile kikobe kinakula jani lake kimya nasema haya, umesalimika.

mwana_wa_Uvira
Shikamoo wakubwa. Miye ni mutu wa Kongo, niko hapa St. Louis mwaka wa saba. Fundi umeeleza vizuri hayo maonyesho ya 1904 lakini kuna kitu umeruka. Maonyesho yaleyale walileta na watu. Si kuja kutembea, kuonyeshwa. Waliwaleta Wafilipino wakawajengea kijiji, walimleta na Geronimo yule mzee wa Apache, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, akiwa mfungwa, na kutoka kwetu walileta vijana wa Bambuti, wale mnaowaitaka mbilikimo. Mumoja aliitwa Ota Benga. Meno yake yalikuwa yamechongwa, watu walikuwa wanalipa ili afungue kinywa. Wakati ule Kongo yote ilikuwa mali ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, fikirieni mutu anatoka kule anafikia hapa.

Baada ya maonyesho alirudi Kongo kisha akaletwa tena, na 1906 wakamuweka kwenye zoo ya New York, nyumba moja na nyani, mpaka wachungaji weusi wakapiga kelele akatolewa. Alijiua 1916 kule Virginia.

Hawakuwekwa ndani ya jengo hili, hilo niseme. Humo walitundika picha, wao walikuwa upande wa magharibi. Lakini ni maonyesho yaleyale, na watu karibu milioni 20 walipita. Siku ya kwanza nilipanda hicho kilima na watoto wangu tuliteremka tukiteleza na maboksi juu ya theluji kama kila mutu, tulicheka sana. Kusoma habari hii ilikuwa baadaye. Bado naenda, nao watoto wanapenda, ila nikifika kwa yule mwenye farasi huwa nasimama kidogo nageukia magharibi.

mgeni_wa_Missouri
Marahaba ndugu yangu. Nimesoma mara mbili, hii sikuwahi kuisikia. Pole sana. Na mwenye farasi ndo nani?

fundi_wa_zege
Kweli kaka wa Uvira nimeruka, na nilikuwa naijua. Mi nikianza mawe nasahau watu.

Mwenye farasi ni mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa, ndo jina la mji. Kwenye maonyesho alikuwa wa plasta, hii ya shaba ni ya 1906. Upanga wake umeshaibwa zaidi ya mara moja.

msomi_wa_zamu
Mkishafika upande wa vitu vya Misri ulizeni na kinyago cha maiti cha Ka-Nefer-Nefer, mwanamke wa Misri ya kale. Makumbusho walikinunua 1998 karibu nusu milioni ya dola, Misri ikasema hicho kilifukuliwa Saqqara 1952 na kimeibwa ghalani kwetu. Serikali ya Marekani ikaenda mahakamani ikashindwa 2014, kinyago kikabaki. Mi nadhani kirudi kwao, mama_wa_ijumaa najua utaniambia kisheria wameshinda.

mama_wa_ijumaa
Sikuambii hivyo, paka nitamtetea, kinyago hapana.

mgeni_wa_Missouri
Jamani asanteni. Ijumaa basi. Swali la mwisho, mama ana magoti, kile kilima anapandaje?

mama_wa_ijumaa
Asipande. Kuna parkingi ya chini ya lile jengo jipya, mnatokea ndani kwa lifti. Hiyo ndo unalipia.

mgeni_wa_Missouri
Nilijua tu 😂