Silikoni imegoma kukauka siku ya tatu leo, inanata kama ulimbo wa fenesi

Baba Kimya, Ntinda:
Habari zenu wakubwa, hili ni la watu wazima kwa hiyo watoto wapite tu. Mi na mke wangu tuliamua tujitengenezee toi yetu ya chumbani, za dukani hapa Kampala ni bei na nyingine zinanuka plastiki mpaka kichwa kinauma. Nikaagiza silikoni ya platinamu, ile ya chupa mbili A na B nusu kwa nusu, nikachukua tango nikalizungushia plastisini ya watoto nikalitoa taratibu, nikamwaga. Siku ya tatu leo nje bado inanata na imejaa mapovu. Nimeiweka juani, wapi. Niongeze B?

Fundi Moulding:
Usiongeze chochote ssebo. Kwanza niambie, ile iliyobaki kwenye kikombe ulichochanganyia ilikauka?

Baba Kimya, Ntinda:
Eh, ya kikombe iko sawa kabisa, inadunda kama mpira. Na hii yenyewe nimeikata katikati, ndani imeshika, ni ngozi ya juu tu ndo uji.

Fundi Moulding:
Basi vipimo vyako havina kosa, mwizi ni plastisini. Nyingi zina salfa, na salfa inaua katalisti ya platinamu, yaani kile kichocheo kinachoikausha silikoni, pale zinapogusana, ndo maana ndani pamekauka. Hata ukiichemsha wiki nzima haitashika. Na glovu za mpira za famasi ni hivohivo, tumia za vinili. Hiyo tupa, hata ukifuta ule uji na spiriti usije ukaitumia mwilini. Tengeneza moldi ya plasta, iache ikauke kabisa maana maji nayo yanaleta mapovu, kisha ipige vanishi safi ya akriliki mara mbili tatu na vaselini kidogo juu. Kabla ya kumwaga yote paka tone moja pembeni, ngoja kesho uliguse. Mi nilipoteza kilo nzima kwa kuruka hilo tone.

Nyabo wa Jinja:
Na mtu asimshauri silikoni ya hadwea ile ya kuzibia sinki inayonuka siki, wala ile inayokaushwa na katalisti ya bati (tin) wanayotumia kumwagia sanamu. Hizo si za kuingia mwilini. Halafu kaka, weka kitako kipana chini, kama inaenda nyuma ikikosa kitako inapotelea humo na utaenda kumweleza daktari.

Baba Kimya, Ntinda:
😂😂 nimekusikia dada. Na mapovu je? Sina pampu ya kuvuta hewa.

Fundi Moulding:
Koroga polepole ukikwangua pembe za kikombe, usipige kama mayai ya rolex, ile chapati ya mayai. Halafu mimina kutoka juu, uzi mwembamba, sehemu moja tu, ijisambaze yenyewe, mapovu mengi yanapasukia njiani. Ukiwa siriasi katafute kompresa ya friji bovu kwa mafundi, ukiigeuza inavuta hewa vizuri tu.

Baba Kimya, Ntinda:
Plasta nimeshamwaga, iko varanda inakauka. Shangazi kapita kauliza ni nini hicho nikamwambia moldi ya mishumaa, sasa anataka sita za kanisani.